Presha Nzuri ya Mama

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa sita, katika kanisa moja la Mpemba, karibu na mpaka wa Tunduma, waumini waliposimama kuimba, bibi Tupokigwe naye alisimama. Alishika benchi la mbele kwa mikono miwili, akafungua mdomo, na kabla sauti haijatoka macho yakaingia giza, akaanguka katikati ya mabenchi. Wimbo ulikatika upande wa wanawake. Wanaume, ambao hawakuwa wameona, waliendelea nao kidogo, kisha nao wakanyamaza.

"Presha! Presha imempanda!" mtu alisema.

Restuta, mkwe wake, ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga magoti. Aliona kitenge cha mama mkwe kimelowa na maji yanatambaa chini ya benchi. Alivua mtandio wake akafunika palipolowa, lakini wanawake wa benchi la nyuma walikuwa wameshaona. Wakageuza nyuso zao pembeni kwa adabu, na adabu hiyo ilimuuma Tupokigwe kuliko kama wangemcheka. Alikuwa ameshazinduka. Mara tu alipolala chini akili yake ilirudi, na sasa alikuwa anasikia kila kitu.

"Mama, kichwa kinauma?"

"Hakiumi. Ninyanyueni twende nyumbani."

Nyumbani mwanawe Yesaya alimlaza kitandani, akamfunga mkononi mkanda wa mashine ya kupimia presha, akabonyeza. Mashine ilinguruma, ikatulia, ikaonyesha mia na kumi na mbili kwa hamsini na nane. Yesaya alishusha pumzi.

"Presha iko vizuri, mama. Vizuri kabisa. Hata mimi sina presha kama hii."

"Lakini nimeanguka."

"Kanisa lilijaa watu. Hewa ilikuwa ndogo."

"Yesaya, nikisimama macho yanaingia giza. Nilikuambia tangu tunavuna mahindi."

"Ni uzee, mama. Miaka sabini na tisa si mchezo." Alipiga picha kioo cha mashine kwa simu, akamtumia dada yake Anna aliyekuwa Ileje, na chini yake akaandika: Mama yuko vizuri.

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa wakala wa forodha pale mpakani Tunduma, mtu wa kuhangaika na nyaraka za malori kuanzia asubuhi, lakini hakuwahi kuondoka nyumbani kabla ya kumpima mama yake na kumsimamia mpaka ameze vidonge vyote vitatu. Miaka minne iliyopita baba yake alipigwa kiharusi kule Ileje, akafa siku hiyohiyo bila kutamka neno tena. Baada ya msiba Yesaya alimleta mama Mpemba, akapimwa, presha ikakutwa mia na tisini na mbili, akaanzishiwa dawa. Tangu hapo Yesaya alipiga marufuku chumvi kwenye chakula chake. Restuta alipika sufuria mbili, ya nyumba na ya mama. Ya mama ilirudi jikoni karibu kama ilivyotoka.

* * *

Baada ya kuanguka kanisani, Tupokigwe alianguka tena mara mbili. Mara moja mlangoni mwa choo, mara nyingine pembeni ya kitanda. Yesaya aliamua kwamba asiachwe peke yake hata dakika moja. Alimwambia hivyo mke wake wakati anafunga kamba za viatu.

"Na duka?" Restuta aliuliza. Alikuwa na duka la vitenge karibu na mpaka, vitenge alivyokuwa akivitoa Nakonde, ng'ambo ya Zambia. Watoto wao wote wawili, Faith na mdogo wake, walikuwa shule za bweni.

"Duka litasubiri."

"Wateja hawasubiri, baba Faith. Wanaingia duka la jirani."

"Mama ni mmoja," alisema Yesaya, akatoka.

Restuta alifungua duka mchana badala ya asubuhi, kisha siku tatu kwa wiki, kisha siku moja. Asubuhi, vidonge vilipokwisha kumezwa, kazi ilianza. Kidonge kimoja kilikuwa cha kukojosha, na mama aliita kila baada ya nusu saa. Restuta alimshika kwapani, akamwinua, akamsubiri macho yamrudie, wakaenda hatua kwa hatua. Mara nyingine walichelewa. Alifua shuka, akapika, akamwita mwenye kibanda cha mboga amletee getini. Hakulalamika kwa sauti, ila alianza kusikia sauti ya mama ikimwita hata alipokuwa bafuni maji yanamwagika.

Siku moja alimketisha mama juani kibarazani, kwenye kiti cha mbao chenye mikono, akasimama mbele yake ameshika khanga.

"Mama, naomba nikufunge hapa kiunoni. Kidogo tu, usianguke. Nioge, nipike."

Tupokigwe aliitazama khanga, kisha akamtazama mkwe wake ambaye macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Nifunge, mwanangu," alisema. "Ila funga geti kwanza. Watu wasione."

Ikawa hivyo kila siku, saa moja au zaidi kidogo. Yesaya alirudi mapema siku moja kuchukua muhuri aliousahau, akamkuta mama yake na khanga kiunoni. Alisimama. Restuta alitoka jikoni, wakatazamana. Yesaya aliingia ndani, akachukua muhuri wake, akapita tena bila kusema kitu.

* * *

Tarehe ishirini na nane ya mwezi wa saba dereva mmoja alimpigia Restuta simu kwamba mzigo wake wa vitenge uko barabarani, aje aupokee. Barabara kuu ilikuwa mwendo wa dakika tano. Restuta alimwambia mama, aliyekuwa amefungwa kitini kibarazani, "Nakuja sasa hivi," akafunga geti. Lakini foleni ya malori ilikuwa imeziba njia hadi mbele ya kituo cha mafuta, na yule dereva alikuwa amekwama katikati yake. Dakika tano zikawa arobaini.

Mkojo ulimbana Tupokigwe. Alijaribu kulifungua fundo, vidole vikakosa nguvu. Aliita. Alijikaza, akakumbuka wanawake wa benchi la nyuma, akaamua kwamba haitatokea tena, sio juani, sio kibarazani. Aliinuka na kiti chake mgongoni. Alipiga hatua moja. Giza likaja, naye akaanguka pamoja na kiti juu ya sakafu ya saruji, mkono wa kushoto ukiwa chini yake.

Marta, jirani, alisikia kishindo na kilio. Alisukuma geti mpaka kitasa kikaachia. Alimkuta mama mtu mzima amelala ubavu, kiti juu yake, khanga imemkaza kiunoni, nguo zimelowa, na kifundo cha mkono kimepinda.

"Yesu wangu!" alisema Marta. "Nani amekufunga, bibi? Nani?"

Tupokigwe alivuta kitenge chake kufunika miguu.

Restuta aliporudi na bando la vitenge kichwani, getini walikuwa wamesimama watu sita. Hakuna aliyemsalimia. Hakuna aliyemsaidia kutua mzigo.

* * *

Mkono ulifungwa hogo, plasta nyeupe kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko. Siku ya pili Anna alishuka kutoka Ileje, naye mzee Mbonile, mzee wa kanisa, akaitwa. Wakakaa sebuleni. Restuta alipewa stuli karibu na mlango, ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Mbuzi ndiye anayefungwa kamba, wifi," alisema Anna. "Mama yetu ulimfunga kama mbuzi, ukaenda kwenye biashara zako."

"Nilimfunga asianguke."

"Na ameanguka."

"Mimi ndiye niliyemwambia anifunge," Tupokigwe alisema kutoka kwenye kochi. Hogo lilikuwa limelala mapajani mwake kama kitu cha mtu mwingine.

"Mama, usimtetee. Unaogopa nini? Mimi nimekuja."

Mzee Mbonile alikohoa. "Mama Faith, mtaani watu wanasema mengi. Akina mama wa jumuiya wameniuliza. Sisi hatukuhukumu, lakini tunataka kusikia. Mume wako alijua jambo hili?"

Restuta aligeuka kumtazama Yesaya. Hakuwa na hasira bado. Alimtazama kama mtu anayemsubiri mwenzake amtue mzigo.

"Sema, baba Faith. Siku ile ya muhuri uliona."

Yesaya alikuwa ameshika simu. Aliigeuza, akaigeuza tena. Alifikiria wenzake wa forodha, akafikiria watu wa kanisani, akafikiria dada yake ambaye kila asubuhi yeye alimtumia picha za mashine.

"Mimi huwa natoka mapema," alisema. "Mambo ya mchana siyajui."

Restuta aliinuka, akaenda jikoni. Alisimama mbele ya jiko lisilo na moto. Nyuma yake alimsikia Anna akisema kwamba mama atarudi naye Ileje mara tu baada ya kuonwa na daktari siku ya Alhamisi.

* * *

Alhamisi walikwenda wote wanne kwenye kituo cha afya. Anna alimwambia Restuta abaki nje kwenye benchi, naye akabaki.

Daktari Fausta alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye sauti ya chini. Aliukagua mkono, akaridhika nao, kisha badala ya kuwaruhusu akauliza, "Bibi alianguka vipi?"

"Alifungwa kwenye kiti," Anna alisema.

"Hilo nimelisikia. Nauliza kabla ya hapo. Kwa nini ilibidi afungwe?"

"Ni uzee," alisema Yesaya. "Lakini presha yake iko vizuri, daktari. Nampima kila siku." Akampa simu aone picha.

Daktari alizipitia taratibu. "Hizi zote amelala?"

"Ndiyo. Ili atulie."

"Nani amewahi kumpima akiwa amesimama?"

Yesaya alinyoosha mkono kuchukua simu yake. Daktari alimpandisha Tupokigwe kwenye mizani. Kilo arobaini na tatu. Akafungua kadi yake ya zamani, ya mwaka alioanzishiwa dawa. Kilo sitini na moja. Akamlaza, akampima: mia na kumi na nne kwa sitini. Kisha akamwomba Anna amshike upande mmoja, yeye akamshika mwingine, wakamsimamisha. Mkanda ulikaza mkono wake mwembamba. Tupokigwe alianza kuyumba.

"Bibi, unaonaje sasa?"

"Giza," alisema. "Giza lile lile."

Mashine ilionyesha themanini na mbili kwa arobaini na nane. Wakamketisha haraka.

"Presha yake haipandi," alisema daktari. "Inashuka. Akisimama damu haimfikii kichwani. Dawa hizi alipewa mwenye kilo sitini na moja, anayekula, anayelima. Anazimeza mtu mwingine sasa."

"Kwa hiyo mimi ndiye..." Yesaya hakumaliza. Akaanza upya kwa sauti kubwa. "Daktari, baba yangu alikufa kwa presha. Nilimzika. Unataka niache ipande?"

"Sijasema aache dawa. Nasema tupunguze. Hiki cha kukojosha tunakiondoa leo. Hiki nusu. Hiki kinabaki. Akiwa mia na arobaini, hata mia na hamsini, mimi kwa mtu wa umri wake na mwili huu nitalala bila wasiwasi."

"Na akipata kiharusi?"

"Siwezi kukuahidi kwamba hatapata. Nakuambia tu kwamba akiendelea hivi ataanguka tena, na safari ijayo itakuwa nyonga. Bibi wa kilo arobaini na tatu akivunjika nyonga hali huwa mbaya." Alimgeukia Tupokigwe. "Bibi, chakula unakula?"

"Hakina chumvi," alisema Tupokigwe kwa aibu, kana kwamba anamsengenya mtu. "Hakipiti."

Daktari aliandika. Kisha akauliza ni saa ngapi kizunguzungu humzidi, mara ngapi hukojoa, anatembea hatua ngapi kabla ya kuchoka. Yesaya alimtazama Anna. Anna alitazama sakafu.

"Mchana anakaa na nani?"

"Yuko nje," alisema Tupokigwe.

"Muiteni."

Restuta aliingia, akasimama karibu na mlango. Alijibu kila swali. Kizunguzungu humzidi saa moja baada ya vidonge. Anakojoa mara saba mpaka saa sita mchana. Anafika kwenye kamba ya nguo, hatua kumi na nne, ndipo miguu inaanza kutetemeka. Anapenda uji wa ulezi lakini akiunywa wa moto sana anapata kizunguzungu. Mguu wa kulia ndio dhaifu. Alisema yote bila kumwangalia mtu.

"Nilitakiwa kuanza na wewe," alisema daktari.

Alimwonyesha jinsi ya kumwinua bibi: akae kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe miguu, apumue, ndipo asimame. Mayai, maharage, chumvi kidogo. Na atembee kila siku, asikalishwe. Alikuwa anamwambia Restuta peke yake, na wengine wawili wakasikiliza kama watu waliopita njia.

* * *

Anna hakumchukua mama. Alikaa siku nne Mpemba, akamwona anakula kipande cha samaki chenye chumvi na kuomba kingine. Asubuhi ya kuondoka alimfuata Restuta uani. "Wifi, nilisema ulimfunga mama kama mbuzi," alisema. "Mimi tangu baba afe sijawahi kumwosha mama hata mara moja." Restuta alimfungia mahindi ya kuchoma kwenye gazeti ale njiani. Wakaagana hivyo.

Yesaya alichukua likizo. Restuta alirudi dukani. Ndani ya nyumba alimjibu mumewe alichoulizwa na hakuongeza neno. Mtaani akina mama walikuwa bado wanamkwepa, na Marta alipita getini kwao akiangalia upande mwingine.

Sasa Yesaya aliyajua yale mambo ya mchana aliyosema hayajui. Alipika uji ukaungua. Alimshika mama yake mkono uani, majirani wakitazama juu ya ukuta, hatua kumi na nne, kisha ishirini, kisha mpaka getini. Wiki ya tatu mama alikwenda choo peke yake na kurudi peke yake, na Yesaya alisimama nyuma ya mlango akihesabu hatua zake.

Jumanne mchana alimpima. Mia na hamsini na mbili.

Alipima tena. Mia na hamsini na moja. Aliingia chumbani, akatoka na mkono aliofumba. Tupokigwe alikuwa ameketi kibarazani anachambua maharage kwa mkono mmoja.

"Umeshika nini?"

Yesaya alifungua kiganja. Kilikuwa kidonge kile kilichoondolewa. Alikuwa ameficha paketi nzima mfukoni mwa koti.

"Kimoja tu, mama. Leo tu. Imefika mia na hamsini na mbili."

"Nikimeza hicho, kesho nani ataniokota?"

"Bora nikuokote kuliko nikuzike!" Alipiga kelele, na mwenyewe akashtuka. Alikaa chini kwenye saruji, karibu na miguu ya mama yake. Akaanza kusema, polepole. "Asubuhi ile nilimwona baba. Nilikuwa nimekuja kuwasalimia. Alitoka ndani, akaniambia kichwa kinagonga, mkono unakufa ganzi. Nikamwambia alale kidogo. Nilikuwa na gari la mteja linanisubiri mpakani. Nikaondoka. Sijamwambia mtu."

Tupokigwe aliacha maharage.

"Ulipoondoka," alisema, "aliniambia mimi pia. Nikamwambia, si umeambiwa ulale?"

Malori yalikuwa yananguruma kule barabara kuu.

"Hukuwa peke yako, Yesaya," alisema mama. "Lakini baba yako hatuwezi kumrudia. Restuta yupo."

"Restuta?"

"Mbonile alikuuliza neno moja. Ukasema siyajui."

Yesaya aliinamisha kichwa. Kisha aliinuka, akakipeleka kidonge chooni pamoja na paketi yake, akarudi mikono mitupu.

Saa kumi na moja jioni Restuta aliingia getini na mfuko wa nyanya. Yesaya alimsubiri katikati ya ua.

"Mama Faith, nilijua. Siku ile ya muhuri niliona, nikapita. Nikakukana. Nisamehe."

Restuta alimtazama. Alikuwa amechoka, vumbi la barabarani limemjaa miguuni.

"Hapa tuko sisi na mama," alisema. "Mama alikuwa anajua. Mimi nilikuwa najua. Ulinikana mbele za watu."

Yesaya akapita pembeni yake, akatoka getini, akageuka kushoto. Restuta alibaki na mfuko wake mkononi. Walimsikia, yeye na mama mkwe wake, akibisha hodi kwa Marta. Walimsikia Marta akikaribisha kwa mshangao. Halafu sauti ya Yesaya, ya chini, ikasema kitu wasichokisikia.

"Unasemaje?" aliuliza Marta. "Sijakusikia, baba Faith."

Yesaya akarudia, kwa sauti kubwa, kwamba alimwona mama amefungwa, akapita.